Klorini ni ileile, mahali ndio palibadilika: kisa cha dispensa za chemichemi za magharibi

Ukipita vijijini Busia, Butere ama Vihiga, magharibi mwa Kenya, asubuhi wakati watu wanateka maji, kwa chemichemi nyingi utaona kitu ambacho ni rahisi sana kukipita bila kukitazama: nguzo imesimikwa na saruji, juu yake tangi dogo la bluu lenye kufuli, na chini ya tangi valvu ya kuzungusha na mkono. Unaweka mtungi hapo chini, unazungusha mara moja, zinashuka mililita 3 za klorini, unasogea kwa bomba la chemichemi unajaza, unajitwika unaenda. Basi, hiyo ndio dispensa. Haina stima, haina betri, haina app, mtoto wa darasa la tatu anaitumia bila kuonyeshwa mara mbili. Mimi naiona kama moja ya vitu vilivyofikiriwa vizuri zaidi huku kwetu, na nataka tuichambue pole pole, manake watu wengi wanaoanzisha miradi ya jamii wakiiona wanasema aah, ni klorini tu, na klorini ndio ile sehemu ambayo haikuwa mpya hata kidogo.

Shida yenyewe mnaijua. Magharibi mvua ni nyingi, vilima ni vingi, kwa hivyo maji yanatoka ardhini yenyewe na watu wengi wa mashambani wanategemea chemichemi badala ya mfereji. Zamani nyingi zilikuwa wazi, ni kidimbwi tu, unainama unachota na jagi, ng'ombe anakunywa upande wa juu, na mvua ikinyesha usiku inasukuma kila kitu kilichoachwa shambani na vichakani kinaingia hapo. Halafu mtoto anaanza kuhara, macho yanaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi, na mama anaanza kutafuta bodaboda usiku. Kuhara ni kati ya vitu vinavyoua watoto wadogo zaidi Kenya, na tumeizoea mpaka watu wengine wanasema ni meno tu yanaota.

Jibu la kwanza lilikuwa kujenga. Unazungushia jicho la chemichemi saruji, unaliziba juu, unaweka bomba, maji yanatoka safi bila mtu kuchovya chombo. Kazi nzuri, na bado ni nzuri. Miaka ya mwanzo ya 2000 kundi la watafiti, akiwemo Michael Kremer, lilifuatilia chemichemi karibu 200 za Busia na majirani zake wakati zinajengewa hivyo. Huyu Kremer si mgeni wa kuja na kuondoka, aliwahi kufundisha sekondari ya Eshisiru hapo Kakamega miaka ya 80 akiwa kijana, na 2019 akapata Nobel ya uchumi pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee. Sasa sikiza walichopata. Kwa bomba la chemichemi, uchafu wa kinyesi kwa maji ulishuka kwa karibu theluthi mbili. Lakini walipoenda nyumbani wakapima maji yaleyale ndani ya nyumba, ulikuwa umeshuka kwa robo tu.

Hapo ndipo kisa kinaanza kuwa kitamu, kwa sababu inamaanisha kati ya bomba na mdomo wa mtoto kuna kitu kinaendelea. Na ukikaa kwa boma lolote utakiona. Mtungi wa lita 20 ulikuwa wa mafuta ya kupikia, kifuniko kilipotea kitambo, kwa hivyo mdomo umezibwa na gunzi la mahindi ama majani yaliyochumwa hapo njiani. Ndani umeoshwa na mchanga na majani, ukasuuzwa, ukaoshwa tena. Maji yakifika yanamiminwa kwa isiongo, chungu cha udongo cha maji, kwenye kona yenye baridi, na kikombe kimoja kinachovywa na kila mtu, aliyetoka choo, aliyetoka kukamua, mtoto aliyekuwa anacheza chini. Kwa hivyo unaweza kujenga chemichemi ya saruji nzuri namna gani, ile safari ya nyumbani inarudisha nusu ya shida. Ni lazima maji yatembee na ulinzi wake ndani. Kuchemsha hakuleti hiyo, maji ya kuchemsha yakishapoa yakaguswa na kikombe kichafu yamekwisha, mbali na kuni zenyewe. Klorini inaleta, manake inabaki ndani ya maji siku mbili hivi ikiendelea kuua wadudu wanaoingia baadaye.

Na klorini ilikuwepo! Hii ndio sehemu ambayo inafaa isomwe mara mbili. Tangu 2003 WaterGuard ilikuwa kwa maduka ya Kenya, chupa ya mililita 150, bei karibu bob 20, kifuniko kimoja kwa mtungi mmoja, chupa moja inasafisha lita 1,000. Ilitangazwa kwa redio, ikachorwa kwa kuta, wamama wengi wa Busia walikuwa wanaijua kwa jina. Waliokuwa wanaitumia kweli, ukipima maji yao yakakutwa na klorini, hawakufika hata mmoja kati ya kumi.

Ukiuliza kwa nini, watu wa ofisi wana jibu tayari: elimu duni, ama umaskini. Yote mawili yalijaribiwa pale pale. Wale watafiti walijaribu kuongea na watu zaidi juu ya faida, matumizi yakapanda kidogo sana. Walijaribu kuponi ya kupunguza bei nusu, mambo yakabaki karibu palepale. Walipoleta bure mpaka mlangoni ndio watu wengi wakatumia, lakini sasa nani atazunguka na chupa mlangoni kwa kila nyumba Kenya nzima mwezi hadi mwezi.

Mimi jibu langu linatoka kwa kuangalia siku ya mama mwenyewe. Anaamka saa kumi na moja, kuna ng'ombe, kuna uji, kuna watoto wa shule, kuna shamba kabla jua halijawaka. Hiyo chupa imekaa dirishani karibu na koroboi. Kuikumbuka ni kazi. Kupima kifuniko ni kazi, halafu utikise mtungi wa kilo 20, halafu usubiri nusu saa na mtoto analia anataka maji sasa hivi. Ikiisha, bob 20 inashindana na chumvi na kiberiti, na chumvi inashinda manake chumvi isipokuwepo kila mtu anajua leo leo, lakini mtoto ambaye hakuhara hakuna mtu anamwona. Hakuna atakayekuja kukushukuru kwa ugonjwa ambao haukuja. Na hakuna jirani anayejua kama uliweka ama hukuweka, ni siri ya nyumba yako.

Sasa karibu 2006, 2007 hivi, wakabadilisha swali. Wakaacha kuuliza tutawafanyaje watu wapende klorini, wakauliza klorini ikae wapi. Wakaitoa kwa rafu ya duka na kwa dirisha la jikoni, wakaiweka pale ambapo kila mtu lazima afike na mtungi mtupu mkononi. Dawa ni ileile, watu ni walewale. Angalia vitu vingapi vilijipanga kwa mpigo mmoja.

Kukumbuka kumeisha, manake tangi liko mbele ya macho yako wakati ule ule unahitaji kulikumbuka. Kipimo kimeisha, valvu inatoa mililita 3 peke yake, huwezi kuweka nyingi ukaogopa wala kidogo ikose kufanya kazi. Kutikisa kumeisha, unaweka klorini kwanza halafu maji yanaingia juu yake kwa nguvu, na ile safari ya kupanda kilima na mtungi kichwani inafanya iliyobaki. Na kusubiri nusu saa, hapo ndio nilipenda zaidi: njia ya kwenda nyumbani inakula sehemu ya hiyo nusu saa. Ukifika, mtoto akitaka maji hangoji tena nusu saa nzima. Aliyewaza hivyo alikuwa ametembea hiyo njia, sikubali kwamba alikuwa amekaa mezani tu.

Halafu bei. Kwa chupa ya dukani unalipia chupa, lebo, gari, jumla, rejareja, dawa yenyewe ni sehemu ndogo. Ukileta klorini kwa jerikeni kubwa yote hayo yanaanguka. Fanya hesabu mwenyewe: jerikeni ya lita 5 kwa mililita 3 kila mtungi ni mitungi zaidi ya 1,600. Nyumba 30 zikiteka mitungi mitatu kwa siku, hiyo ni siku 18, na imeletwa na bodaboda moja mara moja. Kwa bei hiyo inawezekana kuipeana bure, na ikiwa bure hakuna mama anasimama pale akipima chumvi dhidi ya klorini.

La mwisho ni macho ya watu. Kwa chemichemi hauko peke yako, kuna foleni, kuna salamu, kuna mazungumzo. Ukipita tangi bila kuzungusha mtu atakuona. Si lazima akuseme. Lakini mama mgeni aliyeolewa wiki iliyopita akiona kila mtu anaweka mtungi pale kwanza, na yeye anaweka, hakuna semina.

Matokeo? Mahali dispensa iliwekwa na kuna mtu wa kijiji wa kuisimamia, karibu asilimia 60 ya nyumba zilikutwa na klorini kwa maji, na miaka miwili na zaidi baadaye bado zilikuwa hapo hapo. Kutoka chini ya kumi. Baadaye shirika la Evidence Action, lililoanzishwa 2013, likaichukua hiyo kazi likaipeleka kwa watu milioni kadhaa, Kenya, Uganda na Malawi. Na Kremer na wenzake walipokusanya majaribio ya kusafisha maji kutoka nchi mbalimbali wakayajumlisha, wakapata vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vinapungua kwa karibu robo. Robo ya vifo. Kwa kitu cha mililita 3. Kila nikisoma hiyo namba lazima nitulie kidogo.

Isidhaniwe inafanya kila kitu. Maji yakiwa na tope baada ya mvua kubwa, tope linakula klorini kabla haijafikia wadudu, inabidi uzungushe mara mbili ama uache yatulie na uchuje na kitambaa kwanza. Kuna wadudu wengine wagumu, kama yule anaitwa cryptosporidium, klorini ya kiwango hiki haiwawezi. Na ndugu zetu wa Nakuru msije mkafikiri itatoa floraidi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, hiyo ni shida ya miamba ya Bonde la Ufa na dawa yake ni nyingine kabisa, kule Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru wamekuwa wakiichuja kwa mkaa wa mifupa. Kuhusu harufu, watu wanaogopa bure: kipimo hiki kinaweka karibu miligramu 2 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani linakubali mpaka 5.

Sasa niwapeleke kwa chemichemi moja ninayoijua upande wa Butere, sitaitaja jina, manake hapo ndipo niliona hii kitu ikisimama, ikianguka, na ikisimamishwa tena, na kilichoiangusha hakikuwa tangi.

Wakati inawekwa watu waliitwa na liguru, yaani mzee wa kijiji, wakakaa kwa nyasi, wakaambiwa wachague mtu wao wa kushika funguo. Anaitwa promota, hapati mshahara. Wakachagua mama mmoja wa makamo, mtu wa kanisa, mwenye mdomo mtamu, na hawakukosea. Kazi yake ukiitazama ni ndogo: anafungua kufuli, anainua kifuniko cha bluu, anamimina kutoka kwa jerikeni nyeupe pole pole isimwagike kwa mikono, anafunga, anazungusha valvu mara moja aone inashuka, anaandika tarehe kwa kitabu chenye kalamu iliyofungwa na kamba ya mkonge. Dakika tano. Lakini kazi yake ya kweli ilikuwa ile ya foleni.

Manake uvumi haukukosa. Kulikuwa na vijana wanasema ni dawa ya kupanga uzazi imefichwa kwa maji. Kulikuwa na kukhu, yaani nyanya, mmoja ambaye kila akifika anavuta mtungi wake kando. Nilikuwepo siku moja promota akimwambia, "Kukhu, mulembe. Weka kwanza hapa." Kukhu akamjibu bila kugeuka, "Hiyo dawa yenu inanukia hospitali, mwanangu, na mimi chai yangu naipenda ikinuka chai." Promota hakubishana, hakuanza kumsomea faida. Alimwambia tu, "Sawa kukhu, ya chai teka hivyo hivyo, maana utaichemsha. Lakini huu mdogo wa wajukuu nikuwekee mimi." Akazungusha. Kukhu akauchukua. Wiki zikapita, mtungi mdogo ukawa mitungi yote, hakuna mtu aliyetangaza ushindi. Na kwa ile habari ya kupanga uzazi, mama alikuwa na jibu moja, bintiye aliyekuwa mjamzito, anateka hapo hapo kila siku na tumbo lake. Uvumi ukafa wenyewe. Niambie bango gani lingefanya hivyo.

Halafu akaondoka. Binti yake mwingine alijifungua Eldoret, akaenda kusaidia mtoto, ikawa ni ya mwezi, ikawa ni ya miezi, na funguo ilikuwa kwa pochi yake. Tangi likaisha. Jerikeni mbili zilizojaa zilikuwa nyumbani kwake, nyumba imefungwa. Watu walizungusha valvu siku za kwanza, haikutoa kitu, wakaacha, na hiyo tabia ya kupita bila kusimama ilirudi upesi kuliko ilivyokuja. Nilipopita tena kulikuwa na ndama amefungwa kamba kwa ile nguzo. Mvua za masika zikaanza, barabara ya chini ikawa matope, hata bodaboda ya kuleta dawa isingefika hapo kwa urahisi, na watoto wakaanza kuhara kwa boma tatu za karibu. Siwezi kuapa ni kwa sababu hiyo, mvua za masika zinaleta kuhara kila mwaka. Lakini wamama wa pale hawakuwa na shaka hata kidogo, na walikasirika, na mimi niliona hasira yao ni ya haki.

Ukiuliza fundi tangi lilikuwa na shida gani atakwambia hakuna. Nguzo iko, valvu iko, kufuli iko, dawa iko mita mia tatu kutoka hapo. Kwa hivyo nasema promota ni sehemu ya hiyo mashine sawa na valvu, na mashine ilitengenezwa ikiwa na valvu nzuri halafu sehemu yake ya muhimu zaidi ikaachwa kwa mtu mmoja, bila malipo, bila wa kumshikia, na bila mtu kuuliza siku akiugua ama akifiwa ama akiitwa na mtoto itakuwaje. Hakufanya kosa, alienda kumlea mjukuu, nani hangeenda.

Walivyoirekebisha ndio nataka watu waige. Liguru hakuita baraza saa nane mchana kwa uwanja wa shule ambapo wanakuja wazee peke yao kukaa kwa viti, aliita saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale pale kwa chemichemi, foleni ikiwepo, kwa hivyo walioamua ni wanaoteka. Wakachagua wawili badala ya mmoja, mama mmoja na kijana mmoja anayeuza mboga kwa kibanda pale njia inapoingia. Funguo zikawa mbili. Dawa ya akiba ikahamia kibandani, kwa kivuli, manake klorini ikikaa kwa jua inapoteza nguvu. Simu ya yule wa kibanda ikaandikwa na rangi kwa tangi lenyewe, ukizungusha ukakuta imeisha unampigia hapo hapo na mtungi wako mkononi. Na chama cha wamama kikakubali kwamba kila mkutano wa mwezi mmoja wao anaangalia kile kitabu cha tarehe kabla hela hazijahesabiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo ilihitaji mfadhili.

Kitu kingine kilichobadilika ni kidogo lakini nakithamini sana. Nguzo ilikuwa upande wa pili wa bomba, yaani ukishuka unakuta maji kwanza, halafu tangi. Watu walikuwa wanajaza kwanza, na mtungi ukishajaa kilo 20 hakuna mtu anataka kuusogeza hatua sita kwenda kwa tangi halafu arudi njiani. Wengi waliokuwa wanaitwa wabishi walikuwa wamechoka tu. Wakaing'oa, wakaisimika kwa njia ya kushukia, unaipita ukiwa na mtungi mtupu. Bila neno lolote wengi wa wale "wabishi" wakaanza kuzungusha.

Naona hapa kaunti zina nafasi nzuri. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, wanapata posho ya kila mwezi, wana simu, wanatembelea maboma. Huyo mtu tayari anapita karibu na chemichemi. Akipewa kazi ya kuzungusha valvu kila wiki na kupima maji ya nyumba mbili tatu, kile kipimo cha matone kinachogeuza maji rangi kama kuna klorini, basi promota hayuko peke yake tena na tunajua ukweli badala ya kuuliza watu "mnatumia?" wakajibu ndio kwa heshima. Hilo swali msiliulize kabisa. Kila mtu Busia atakwambia anaweka, pima maji.

Na kuna wale wanaotaka kuinakili ilivyo waipeleke kila mahali. Nyalenda ama Manyatta kule Kisumu watu wanateka kwa visima vifupi vya ploti, kila ploti na chake, vyoo viko hatua chache tu, na wengine wananunua kwa kibanda cha maji ama kwa mkokoteni. Hakuna mahali pamoja ambapo kijiji kizima kinafika na mtungi mtupu, kwa hivyo nguzo moja haitafanya kitu. Kule jambo la kufikiria ni kibanda chenyewe, klorini iingie kwa bomba la muuzaji kabla maji hayajatoka, mnunuzi asihitaji kufanya chochote. Na nyumba zilizo na tangi la mvua huku kwetu, miezi ya mvua hazishuki chemichemi kabisa, kwa hivyo kwao chupa ya dukani bado ina kazi.

Kwa upande wa chombo cha nyumbani kuna wazo lingine la Nyanza ambalo linafaa kukaa pamoja na dispensa. Karibu 2000 mashirika ya afya kule yaliona watu hawataki kuacha dapi, chungu cha maji cha Waluo, kwa sababu maji yake ni baridi na matamu. Badala ya kupigana na dapi, wafinyanzi wa kule kule wakaombwa waitengeneze na mdomo mdogo usioingiza mkono, kifuniko, na bomba chini. Baridi imebaki, kikombe cha kuchovya kimeondoka. Sisi tuna wamama wa Ilesi hapo kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, wanafinyanga vizuri kuliko mahali pengi, na sijaona kwa nini isiongo yenye bomba isikae kwa kila boma ambalo chemichemi yake ina tangi la bluu.

Kwa wale mnaoenda kutoa maoni ya bajeti ya wodi mwaka huu: kila mtu ataomba barabara na kila mtu ataomba stima. Ombeni na fungu la klorini. Msiombe dispensa mpya kwanza, ombeni pesa ya kujaza na kutengeneza zile ziko, pamoja na kitu kidogo cha promota wawili wa kila chemichemi, hata kama ni kifurushi cha simu na sabuni kwa kuanzia. Na kama wodi yenu inapata mpya, kabla ya kuchimba shimo la nguzo mtu asimame pale kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka foleni iishe, aangalie watoto na wamama wanashukia upande gani, mtungi mtupu unawekwa chini wapi wakati wanasubiri. Shimo lichimbwe hapo.